Kufanya Kazi katika Kampuni Inayobadilika Haraka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kwa vijana waliokuwa wakija ofisini kwangu, wengi wao wahitimu wa vyuo vya Mbeya na Iringa, wakiwa na barua ya kuitwa kazini mkononi na wasiwasi ambao hawakutaka wazazi wao wauone. Nilifanya kazi ya utumishi kwa miaka kadhaa katika kampuni ya kununua na kufungasha parachichi, iliyoanza na watu wachache katika nyumba ya kupanga Uyole na ambayo, kabla sijaondoka, ilikuwa na vituo Rungwe, Njombe na Mufindi. Sitaitaja jina, kwa sababu baadhi ya mambo nitakayoyaeleza hayakuwapendeza wenyewe wakati ule na hayatawapendeza leo. Majibu yanahusu sekta binafsi ya Tanzania Bara. Watumishi wa umma wana taratibu zao.

Kampuni inayobadilika haraka ni ipi hasa, na inatofautianaje na ajira walizozijua wazazi wetu?

Mzee aliyeajiriwa TAZARA baada ya reli kukamilika mwaka 1975, au katika shamba la miti la Sao Hill, au katika mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, aliingia kwenye kazi iliyokwisha kuelezwa na watu waliomtangulia. Alijua cheo chake, cheo kinachofuata, na kwa kiasi kikubwa alijua pia nani atastaafu ili yeye apande. Taratibu zilibadilika, lakini zilibadilika kwa waraka, na waraka ulichukua muda kufika Makambako.

Kampuni ninayoizungumzia hapa ni ile ambayo ndani ya mwaka mmoja inaweza kubadili bidhaa, soko, muundo wa idara na mtu unayeripoti kwake. Mara nyingi sababu si utovu wa mpangilio, ingawa upo pia. Mtaji wa wawekezaji huingia kwa awamu, na kila awamu huja na masharti yake. Mnunuzi wa nje hubadili kiwango cha tunda analolitaka. Mzigo uliokuwa ukisafirishwa kupitia Mombasa huelekezwa bandari ya Dar es Salaam, na pamoja na mzigo hubadilika karatasi, madereva na saa za kupakia. Mtu aliyeajiriwa kuandika stakabadhi za wakulima hujikuta, kabla ya msimu wa pili, anasimamia malipo ya simu kwa vikundi ambavyo hajawahi kuviona.

Na huo unaoitwa utamaduni wa kazi ni kitu gani? Kila kampuni inadai inao.

Ni kweli kwamba kila kampuni inadai inao, na ni kweli pia kwamba kila kampuni inao, uwe mzuri au mbaya. Kwa maoni yangu, utamaduni wa kazi ni yale ambayo watu huyafanya pale ambapo mwongozo haujaandikwa, na katika kampuni inayobadilika haraka mambo ambayo hayajaandikwa ni mengi kuliko yaliyoandikwa.

Chukua mfano wa kawaida. Lori linatoka Rungwe wakati wa masika, linachelewa kwa sababu ya utelezi, linafika kituoni saa 5 usiku na kukuta chumba cha baridi kimezima. Msimamizi yuko Iringa na simu yake haipatikani. Kijana wa zamu anaweza kukaa kusubiri, akijua kwamba matunda yatalainika lakini hakuna atakayemlaumu yeye. Au anaweza kukodi gari, kuuhamishia mzigo kwenye ghala la jirani lenye baridi, kisha kutoa taarifa asubuhi. Atakalochagua linategemea jambo moja tu, nalo ni yale aliyoyaona yakimpata mwenzake aliyewahi kuamua kitu bila ruhusa. Kama mwenzake aliandikiwa barua ya kujieleza, lori litakaa hapo hadi asubuhi, hata kama ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba kampuni inathamini ubunifu.

Katika viwanda vya Toyota nchini Japani mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba inayomwita msimamizi, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati mstari mzima wa uzalishaji husimama. Wizara yetu yenye dhamana ya viwanda, kwa ushirikiano na Wajapani, imekuwa ikifundisha kaizeni, yaani mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi hatua kwa hatua, katika viwanda vya hapa nchini, na wapo mameneja waliotoka kwenye mafunzo hayo wakiwa na hamu ya kufunga kamba zao. Kamba yenyewe inauzwa hata sokoni Mwanjelwa. Kazi iko kwa aliyeivuta: je, ana hakika kwamba kesho yake hatasimangwa mbele ya wenzake?

Nitautambuaje utamaduni huo kabla sijasaini mkataba?

Usiulize kama utamaduni wao ni mzuri, maana jibu unalijua. Uliza mambo yenye tarehe na watu. Nafasi hii aliishika nani kabla yangu, na sasa yuko wapi? Idara hii imekuwa na wasimamizi wangapi tangu mwaka uanze? Ni uamuzi gani wa uongozi ambao mfanyakazi wa chini aliupinga ukabadilishwa? Anayekuhoji akikosa mfano hata mmoja kwa swali hili la mwisho, usiondoke kwa hasira, ila liweke moyoni. Akitoa mfano kwa wepesi, hasa mfano unaomwonesha yeye mwenyewe akiwa amekosea, hiyo ni dalili njema kuliko chumba cha mikutano chenye viti vya rangi.

Kisha fika mapema siku ya usaili ukae nje. Mlinzi wa getini atakuambia watu hutoka saa ngapi, hata kama hukumuuliza. Mama lishe anayeuza wali na maharage ng'ambo ya barabara anajua zaidi, kwa sababu wafanyakazi hula kwake kwa mkopo hadi tarehe ya mshahara, na daftari lake ndilo hesabu sahihi kuliko zote ya siku ambazo mshahara umechelewa. Nilipokuwa natafuta kazi yangu ya pili, mama wa namna hiyo aliniambia kwamba wateja wake wa kampuni fulani walikuwa hawajamlipa kwa muda mrefu, na kwamba hakuwalaumu. Sikuipeleka barua yangu ya maombi.

Kampuni inasema tuitane kwa majina ya kwanza, bila vyeo. Mimi siwezi kumwita mtu wa rika la baba yangu "Joshua". Nifanyeje?

Hili ndilo swali lililoulizwa kuliko yote, na walioandika miongozo hawakulitarajia. Mtindo wa kuitana kwa majina uliletwa kwa nia njema: ulilenga kupunguza umbali kati ya mkurugenzi na mfanyakazi wa chini, ili mwenye habari mbaya aiseme mapema. Lakini kijana aliyelelewa Kalenga au Tukuyu, ambaye hupita kijijini akisema shikamoo kwa kila mkubwa, akilazimishwa kumwita mzee kwa jina tupu hatakuwa huru zaidi. Ataepuka kumwita kabisa. Nimeona vijana wakizunguka nyuma ya ghala ili wasikutane na mtu ambaye hawajui wamwiteje, na habari mbaya zikazunguka pamoja nao.

Ushauri wangu ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani heshima na ukimya. Mwamkie mzee shikamoo getini, au kamwene ukiwa upande wa Iringa na unajua anaipenda. Mwite Mzee Joshua, Mama Neema, Kaka au Dada kama ilivyo desturi, na hakuna mkurugenzi mwenye akili atakayekukemea kwa hilo. Kisha kikaoni, hesabu zake zikiwa na kosa, sema: "Mzee, samahani, naona tani za Jumanne zimehesabiwa mara mbili." Sentensi hiyo ina adabu yote anayostahili na ina ukweli wote ambao kampuni inauhitaji. Mkubwa anayeikasirikia hatabadilishwa na majina, na wala hangebadilika kama ungemwita Joshua.

Kwa upande wa wakubwa lipo jambo ambalo ningependa lisomwe na wakurugenzi. Katika vikao vyetu mkubwa akizungumza kwanza, wadogo hukubaliana naye; hivyo ndivyo tulivyolelewa, na si unafiki. Anayetaka maoni ya kweli na azungumze mwisho.

Wanaposema "sisi hapa ni familia", wanamaanisha nini?

Wengi wao humaanisha kwamba wanapendana, na pengine ni kweli. Lakini neno familia kwetu ni zito. Ndugu hawezi kukuachisha undugu kwa notisi ya siku 28, na mjomba hakufanyii tathmini ya utendaji kila baada ya miezi 6. Neno hili likitumika wakati wa bonanza au wakati wa kuchangia harusi ya mwenzenu, lipokee kwa furaha. Likitumika wakati wa kukuomba ufanye kazi Jumapili ya nne mfululizo bila malipo, jua kwamba linabebeshwa mzigo usio wake, na ujibu kwa upole kwamba uko tayari kusaidia na ungependa kujua saa hizo zitaandikwa wapi.

Kazi yangu imebadilika mara tatu tangu niajiriwe, lakini mkataba ni uleule. Je, hilo ni sahihi?

Kubadilika kwa kazi si kosa, na katika kampuni ya aina hii ni jambo la kutarajiwa. Kosa ni kubadilika kimyakimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, ikiwa ni pamoja na maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa na ujira. Maelezo hayo yakibadilika, mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe, na amjulishe kwa maandishi. Sheria hiyo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, kwa hiyo unapoisoma hakikisha unasoma toleo la karibuni. Msingi huu, hata hivyo, umebaki.

Tatizo la kawaida zaidi huku kwetu ni kukaimu. Msimamizi anahamishwa, nafasi yake inabaki wazi, na mtu anaambiwa kwa mdomo, "Wewe shika hapo kwanza." Neno "kwanza" linaweza kudumu mwaka mzima. Ukiambiwa ukaimu, andika ujumbe mfupi siku hiyohiyo kwa aliyekuambia, ukitaja nafasi, tarehe ya kuanza, na muda ambao mmekubaliana suala hilo litazamwe upya, kisha uliza kuhusu posho ya kukaimu. Huna haja ya ukali. Unaweza kuandika hivi: "Ndugu Meneja, nathibitisha maelekezo yako ya leo kwamba nikaimu usimamizi wa zamu ya usiku kuanzia tarehe 3. Naomba tukutane mwishoni mwa mwezi kuzungumzia muda na posho." Ujumbe wa namna hii nimeuona ukimwokoa mtu pale meneja aliyeuandikiwa alipoondoka na mrithi wake akadai kwamba hakuna makubaliano yoyote.

Ndiyo maana huwa nawaambia wafanyakazi wapya wajizoeze kuuliza mambo matatu kila linapotangazwa badiliko: nani ameamua, linaanza lini, na limeandikwa wapi. Kiongozi mzuri hufurahi kuulizwa, kwa sababu mara nyingi swali la tatu humkumbusha kwamba halijaandikwa popote.

Msimu ukipamba moto tunafanya kazi hadi usiku, na kundi la WhatsApp halilali. Mipaka iko wapi?

Kwa mfanyakazi wa kawaida saa za kazi zisizo za ziada hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki na siku 6 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa saa wa kawaida. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya ujira wa msingi. Baada ya saa 5 za kazi mfululizo unastahili mapumziko ya dakika 60.

Angalia mtego mmoja. Masharti mengi kuhusu saa za kazi hayawahusu wafanyakazi wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kampuni inayokua haraka hupenda kugawa vyeo, kwa sababu cheo ni rahisi kukitoa kuliko nyongeza ya mshahara, na hapo utawakuta mameneja wanane ambao hawamsimamii mtu yeyote. Cheo kwenye kadi hakitoshi kukuondolea haki ya malipo ya saa za ziada. Linaloangaliwa ni kazi unayoifanya kwa hakika. Ukipewa cheo cha meneja, uliza unawasimamia akina nani.

Kuhusu WhatsApp, suala hili linaamuliwa zaidi na tabia za wakubwa kuliko maandishi. Mkurugenzi akituma ujumbe saa 6 usiku, hata akiongeza "si lazima kujibu leo", watu watajibu. Katika kituo kimoja tulikubaliana kwamba jambo la dharura, kama vile chumba cha baridi kuzima au ajali barabarani, hupigiwa simu, na kila kilichoandikwa kwenye kundi husubiri asubuhi. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Baadaye tuligundua kwamba mambo mengi yaliyokuwa yakiitwa dharura yalikuwa mapya tu.

Muda wa majaribio ni muda gani?

Ule ulioandikwa kwenye mkataba wako, mradi uwe wa kuridhisha na usizidi mwaka mmoja. Kumbuka kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali kwa kawaida haimhusu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kipindi hicho ndicho cha kuuliza maswali mengi, kwa sababu ugeni bado ni sababu inayokubalika ya kutojua.

Likizo ya msiba inahesabiwaje? Na ruhusa ya kwenda kupanda mahindi?

Sheria inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba, shangazi na mama mdogo hawamo katika orodha hiyo, na hapa ndipo sheria na desturi zetu zinapoachana njia. Kwa Wanyakyusa, Wahehe na Wabena, asiyeonekana msibani kwa mjomba hubeba lawama miaka mingi, na msiba wenyewe haumaliziki siku ya maziko.

Niliwahi kumshuhudia meneja mgeni, mtu mwema kwa mambo mengi, akimnyima ruhusa mpanga matunda aliyefiwa na mama mdogo aliyemlea tangu akiwa na miaka 6, kwa hoja kwamba mwongozo haumtaji mama mdogo. Yule mpanga matunda alikwenda hata hivyo, akarudi siku ya tano, na akaandikiwa barua ya onyo. Hakubishana, aliisaini. Lakini kuanzia wiki ile wanawake wa meza yake waliacha kuripoti matunda yenye michubuko, na shehena iliyofuata ilikuwa na malalamiko ya mnunuzi. Ilituchukua muda kuelewa kwamba mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Mwongozo ulirekebishwa baadaye, ukasema "mzazi au aliyemlea mfanyakazi", na siku za nyongeza zikaruhusiwa kukatwa kwenye likizo ya mwaka. Kabla ya kusaini, uliza kampuni yako inasemaje kuhusu hili. Utajifunza mengi kwa namna tu swali litakavyopokelewa.

Kuhusu mashamba, likizo ya mwaka ni siku 28, sikukuu za umma zinazoangukia ndani yake zikihesabiwa humo. Anayepanga tarehe ni mwajiri, lakini mvua zetu huanza kunyesha karibu na Novemba kila mwaka na hakuna anayeweza kusema zimemshtukiza. Omba mapema, kwa maandishi, na upangane na wenzako ili kituo kisibaki kitupu.

Siku inaanza kwa sala na wimbo wa kampuni. Mimi ni wa dini nyingine. Je, nalazimika kushiriki?

Hapana. Ubaguzi kazini kwa misingi ya dini umekatazwa na sheria. Katika mkoa wenye Wamoraviani, Walutheri na Wakatoliki wengi, sala ya asubuhi huanzishwa bila mtu kufikiri kama kuna asiyehusika, na ukieleza kwa utulivu kwamba utaungana nao kikao kinapoanza, mara nyingi utakuta wapo wengine wawili waliokuwa wakisubiri mtu aseme. Linalopaswa kuangaliwa zaidi ni kama maelekezo ya kazi hutolewa wakati wa sala. Yakitolewa hapo, wasioshiriki hukosa taarifa, na hiyo ni sababu nzuri ya kuomba vitu hivyo vitenganishwe. Wimbo wa kampuni sina la kusema juu yake. Nimewahi kuuimba, nao ulikuwa mrefu.

Vikao vinaendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu ya wawekezaji. Wenzangu wengi hunyamaza.

Omba uamuzi na majukumu vifupishwe kwa Kiswahili mwishoni mwa kila kikao, na ujitolee kuandika muhtasari huo. Ni kazi ndogo ambayo itakufanya ujue kila kinachoendelea.

Nimeambiwa "huendani na utamaduni wetu". Je, mtu anaweza kuachishwa kazi kwa sababu hiyo?

Inawezekana, lakini si kwa urahisi ambao wasemaji wa maneno hayo hudhani. Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu halali na ya haki, na miongoni mwa sababu zinazotambuliwa ni mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, na kuendana kwake na mazingira ya kazi. Hata hivyo, lazima ufuatwe utaratibu wa haki: mfanyakazi aelezwe kwa mifano ni nini kinacholalamikiwa, apewe nafasi ya kujieleza na nafasi ya kujirekebisha. Kauli ya jumla kwamba fulani "hana roho ya timu" haitoshi.

Nakiri kwamba wapo watu ambao kwa kweli hawaendani na kazi ya kasi, na kuwaacha wateseke si wema. Lakini nimeona pia neno utamaduni likitumika kama kisingizio cha kumwondoa aliyeuliza kwa nini mizani ya kituo fulani daima ilikuwa na upungufu wa kilo chache. Ukiambiwa maneno hayo, jibu kwa maandishi ukiomba mifano mitatu yenye tarehe. Ukiachishwa na unaamini haikuwa halali, una siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako kwanza mtapatanishwa. Siku hizo huisha haraka kwa mtu anayesubiri bosi apoe hasira.

Kampuni ikipunguza wafanyakazi ghafla kwa sababu soko limebadilika, nina haki gani?

Hiyo ghafla yenyewe ndiyo isiyokubaliwa na sheria. Mwajiri anayekusudia kupunguza watu kwa sababu za kiutendaji anatakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama, kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza athari, jinsi ya kuchagua watakaoondoka, na muda. Aliyefanya kazi mfululizo kwa angalau miezi 12 hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kama uliajiriwa Iringa na kazi imekukomea mbali, mwajiri anawajibika kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi mahali ulipoajiriwa, au kulipia safari hiyo.

Mashauriano yakifanywa kwa nia njema huzaa mambo ambayo uongozi haukuyafikiria. Mwaka mmoja wapanga matunda wenyewe walipendekeza zamu zipunguzwe kwa wote badala ya watu kuondolewa, na ndivyo ilivyofanyika.

Nimeahidiwa hisa kampuni ikikua, badala ya sehemu ya mshahara. Nikubali?

Mshahara hulipwa kwa fedha, na ahadi ya hisa haichukui nafasi yake. Kama hisa ni nyongeza, zidai katika hati inayotaja idadi na masharti yake, na uulize lini jina lako litaingizwa katika kumbukumbu za wanahisa na mabadiliko hayo yatawasilishwa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni. Ahadi iliyotolewa kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka ni sehemu ya sherehe.

Nitajuaje kama michango yangu inapelekwa?

Usitegemee hati ya mshahara peke yake, kwa kuwa inaonesha kilichokatwa na haioneshi kilichofika. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mfanyakazi na mwajiri hutoa asilimia 10 kila mmoja. Angalia taarifa zako mwenyewe kila baada ya miezi michache. Kampuni inayokua haraka ikibanwa na fedha, michango ndiyo hucheleweshwa kwanza, kwa sababu haina mtu anayeisubiri mlangoni.

Nikiondoka baada ya mwaka mmoja na nusu nitaonekana sina uvumilivu?

Kwa wazazi, pengine. Kwa mwajiri mwingine wa aina hiyohiyo, atakachotaka kujua ni ulichokikuta, ulichokifanya na ulichokiacha kikiendelea bila wewe. Toa notisi kama mkataba unavyosema. Kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Omba cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako wala si hisani, na uhakikishe kinataja kazi uliyokuwa ukiifanya mwishoni, kwa kuwa ofisi mara nyingi hunakili ile ya kwanza. Ukirudisha kishikwambi, funguo na fulana za kampuni, omba karatasi ya makabidhiano isainiwe palepale stoo na ubaki na nakala, kwani baada ya miezi 3 mtunza stoo huenda akawa mtu mwingine.